Divai Katika Nyumba ya Mwanangu

Mzabibu unataka mkono mbaya. Ukiuonea huruma utakupa majani, majani mengi mazuri ya kuangalia, na zabibu chache chungu za kulisha ndege. Mimi mkono wangu ni mbaya tangu utotoni. Nikiwa darasa la tatu mwalimu alinichapa kwa kosa la mwingine, nikamng'ata kidole mpaka damu ikatoka, nikaenda zangu nyumbani, na shule yangu ikaishia hapo. Kusoma nimejifunza baadaye, mwenyewe, kwenye mifuko ya mbolea na chupa za dawa. Nikiandika vibaya mtanivumilia. Na kama hamtanivumilia, basi.

Kazi ya zabibu niliijulia Pwani. Nilishuka huko kijana kutafuta kazi ya mkono, nikaandikwa na mzungu mmoja mzee aliyekuwa amepanda mizabibu karibu na bahari, kwenye mchanga, mahali upepo wa chumvi unachoma majani mpaka yanakunjika kama tumbaku. Nyapara wake alitembea na kipande cha mpira wa maji. Ukiacha tawi refu anakukata nao mgongoni. Nilichapwa mpaka nikajua kupogoa nikiwa nimefumba macho: unakata tawi la mwaka jana, unaacha macho mawili ya kuchipua, unaendelea. Siku niliyojua kazi kumshinda nyapara, nilimnyang'anya ule mpira nikamrudishia baadhi ya alizonipa. Mzungu alicheka akaniweka mimi nyapara.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha divai nyeupe. Divai nyekundu inakaa na maganda yake. Nyeupe haitaki hivyo. Unachuma alfajiri kabla jua halijapasha zabibu moto, unakamua papo hapo, maganda unatupa, maji unayaficha mahali pa baridi yachemke yenyewe polepole, bila moto. Chumba kikiwa na joto, yanachemka kwa fujo na divai inatoka na ladha ya kamba iliyooza. Mengine yote ni usafi.

Mzungu alikufa, watoto wake wakawauzia watu wa hoteli shamba. Siku tingatinga lilipoanza kung'oa mizabibu nilikuwa mbele yake nakata vipandikizi, dereva ananitukana, mimi nakata. Nilivifunga kwa gunia bichi nikapanda basi. Nilifika nyumbani Birongo, juu milimani, na gunia na mpira wa nyapara, basi.

Sasa huku kwetu ardhi ni kama nyama mezani penye watu wengi. Baba alikuwa ameniachia mteremko mmoja chini ya boma, unaotazama jua la asubuhi, una mawe mengi. Wakati niko Pwani, ndugu yangu mdogo, tumbo moja, ziwa moja, aliujaza migomba. Sikumwomba aitoe. Niliingia na panga asubuhi, jioni migomba yote ilikuwa imelala. Akanijia na jembe. Tulipigana kwenye maji hayo ya migomba, tunateleza, tunaanguka, mpaka mama, ambaye alikuwa bado hai, akatoka jikoni na sufuria ya maji moto akatumwagia sote wawili. Kovu langu liko begani. La kwake liko shingoni.

Tangu siku hiyo ndugu yangu alikuwa anasema kwa kila mtu atakayesimama kumsikiliza: "Ule mteremko ni wa majani chai. Ndugu yangu ameleta mti wa wazungu usiozaa."

Na kweli kwa miaka mingi haukuzaa kitu cha maana. Mzabibu wa Pwani unalia kiu. Huku kwetu mvua inanyesha kila alasiri kama imelipwa. Ukungu mweupe ulikaa juu ya zabibu, zikapasuka, zikaoza. Nikapulizia dawa ya shaba, ile wenye kahawa wanatumia, mpaka mikono yangu ikawa ya buluu. Nikasimamisha nguzo za mikaratusi na kufunika safu kwa karatasi ya nailoni. Ikaja mvua ya mawe. Wenye majani chai wa upande wa Gesima wanaijua hiyo, inaweza kuacha shamba zima likiwa vijiti. Ilitoboa nailoni yangu kama risasi, ikavunja matawi, na mimi nilikuwa katikati nimejifunika karai kichwani nikitukana mbingu kwa lugha tatu. Ndugu yangu alisimama upande wake wa mpaka chini ya mwavuli.

"Omogaka," aliniita, mzee, kwa ile sauti ya kudharau, "zabibu zimeiva leo?"

"Njoo uonje."

"Nitakuja na ng'ombe tule wote."

Mke wangu ni Msabato. Yeye alikuwa na shida ya aina yake. Maji ya zabibu yasiyochemka kanisa linayataka kwa meza ya Bwana. Yakichemka ni dhambi. Jirani Mkatoliki anasema yasipochemka hayafai kitu. Nilimwambia mke wangu mimi nitakamua, wao wagawane mbele ya Mungu.

Mwaka ninaousimulia, ambao si wa zamani, ndugu yangu alinipeleka kwa wazee wa ukoo. Alitaka mteremko uwe wake. Wazee walikaa uani kwangu tangu asubuhi. Msemaji wao ni mtu mnene, mwenye majani chai, anayepumua kwa shida na kusema maneno machache machache. Alizitazama nguzo zangu, akautazama mti wenyewe, wakati huo ukiwa umekatwa, kijiti kikavu chenye magamba.

"Hiki kinaliwa?" aliuliza.

"Kinanywewa."

"Tumengoja sana kukinywa."

Watu wakacheka. Kisha akatoa uamuzi. Mavuno yanayokuja yakitoa kitu ambacho wao wenyewe watakiweka mdomoni na kukimeza, mteremko ni wangu na watoto wangu, na ndugu yangu asiutaje tena. Yasipotoa, ning'oe nguzo na yeye apande majani chai. Tuliapa sote wawili tukiwa tumeshika mti wa mpakani, ule wa maua mekundu ambao kwetu hauapiwi uongo. Basi mteremko wote ukawa umening'inia kwenye divai ya mwaka mmoja.

Mwaka huo nilikata mizabibu kwa ukali ambao sijawahi. Mwanangu alinisaidia. Ni mwanangu wa kiume wa pekee, wakati huo ana mke na mtoto mchanga, nyumba yake iko upande wa juu wa boma. Yeye hakupenda kukata. Alikuwa anashika tawi analitazama kama mtu anayeaga.

"Tata," aliniita, baba, "hili lina uhai."

"Ndiyo maana tunalikata."

Msimu ule mvua ilipungua yenyewe, hata sijui kwa nini. Zabibu zilikuja kijani, kisha zikang'aa njano, ukishika moja juu ya jua unaona mbegu ndani. Kuzumburu, wale ndege wala matunda, walikuja makundi makundi. Niliwaua kwa manati nikawatundika kwenye waya, wenzao waone. Tulichuma kabla jua halijatoka. Kukamua nilikuwa nimetengeneza chombo cha mbao, na juu yake nikaweka jeki ya lori. Unapiga jeki, ubao unashuka, maji yanatoka meupe kidogo kama maji ya mchele. Maganda tukawapa nguruwe wa jirani, wakalewa wakapigana.

Sasa, mahali pa kuficha hayo maji. Nyumba yangu ni ya matofali na mabati, saa sita ni tanuri. Nyumba ya mwanangu ni ya udongo, kuta nene, imezingirwa na migomba, haipigwi na jua hata kidogo. Ndani ni baridi kama kisima. Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili ndiyo nilijisifia moyoni kwamba mimi ni mjanja.

Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ni chinsoni, heshima na aibu iliyo kati ya mzazi na mtoto. Ataketi nje, ataletewa kiti na uji, lakini mlango haupiti, na chumba wanacholala mtoto na mkewe hata kukitazama ni laana. Na ndugu wa baba naye ni baba. Kwa hiyo ndugu yangu hangeweza kuweka mguu wake mle ndani. Nikasema divai iko salama kuliko benki.

Shida ni kwamba hata mimi singeweza. Niliongoza kazi nikiwa nje chini ya upenu, kwenye kiti, napiga kelele kupitia mlangoni. "Sukuma pipa lisiguse ukuta. Mpira umezama kwa maji?" Tulikuwa tumeziba kila chombo na kupitisha mpira mwembamba wa dripu ya hospitali mpaka kwenye chupa ya maji, ili hewa itoke na wadudu wasiingie. Pipa moja la buluu lilikaa chumba cha mbele pamoja na majerikeni. Jerikeni moja, lile la maji ya mkamuo wa kwanza, lililo bora, mwanangu alilipeleka chumba cha kulala, nyuma ya kitanda, kwa sababu huko ndiko baridi zaidi. Mkewe alinung'unika. Alimwambia mama mkwe wake kwamba usiku kile kitu kinanguruma kama tumbo la mtu, na mtoto haongezeki uzito. Nilimtumia salamu avumilie.

Mwanangu alinitolea kikombe kila asubuhi nikaonja nje. Ilianza kama uji mtamu. Ikawa kali, chafu, inapiga pua. Kisha ikaanza kutulia. Wazee walikuwa waje Jumapili.

Jumamosi Wasabato wote wako kanisani, na upande wetu wa kilima Wasabato ni karibu kila mtu. Mke wangu alienda, mke wa mwanangu na mtoto wakaenda. Tulibaki mimi na mwanangu. Nilikuwa uani nanoa mkasi niliposikia panga chini kwenye mteremko. Sauti ya panga kwenye mzabibu siwezi kukosea. Nilikimbia. Nilikuta kijana nisiyemjua, pengine ni wa mjini Masimba, wa kule stendi, anakata safu ya chini. Alikuwa hata hana haraka. Aliponiona alitupa panga akaruka mto. Nililiokota nikasimama nikitazama alichofanya, na hapo ndipo mwanangu alipolia kule juu.

Nikajua nimevutwa kama mbuzi.

Nilipofika, ndugu yangu alikuwa amesimama katikati ya ua wa mwanangu na fimbo, amevaa koti la kanisa. Ndani nyumba inagonga. Vitu vinaanguka, maji yanamwagika, watu wanapumua kwa nguvu.

"Mimi sijaingia," aliniambia kwa utulivu. "Angalia miguu yangu. Mimi ni baba yake, naheshimu."

"Nani yuko ndani?"

"Vijana. Rika lake. Wanasalimiana."

Nilimpiga kwa ubapa wa panga. Alinirudishia fimbo kwenye mfupa wa bega, nikasikia umevunjika. Mkono wa kushoto ulining'inia. Nikamwingia kwa kichwa, tukaanguka, nikamkalia, nikampiga mdomoni kwa mpini wa panga mpaka taya likahama upande. Haikuchukua muda. Tulikuwa wazee wawili tumechoka tunauana uani kwa mtoto, na yeye alikuwa bado anataka kucheka kwa mdomo uliovunjika.

Niliinuka nikafika mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Majerikeni yamepasuliwa, sakafu yote ni divai na povu. Vijana wawili walikuwa wamemshika mwanangu, mmoja amemkunja mikono, mwingine amekamata kichwa chake amekizamisha ndani ya lile pipa la buluu. Miguu yake inapiga ukuta. Divai yangu inamwagika kandokando ya shingo yake.

Ndugu yangu alisema nyuma yangu, maneno yanatoka na damu, "Ingia basi."

Niliingia.

Sikusimama kufikiria, na wanaosema nilisita hawakuwepo. Yule wa kichwa nilimpiga mgongoni kwa ubapa, kisha kwa kigoda, akaangukia vipande vya chupa na kukaa hapo akilia mama yake. Nikamtoa mwanangu kwa shati. Alitapika divai, akavuta hewa, akatapika tena. Akafungua macho akaniona, niko ndani ya nyumba yake. Hakusema asante. Alisema, "Tata, toka."

Ningetoka. Mwanangu alikuwa anapumua. Lakini kijana wa pili alikuwa amekimbilia chumba cha kulala, na nilisikia akivuta kitanda. Alikuwa ameambiwa mahali jerikeni liko; pengine ule mnung'uniko wa mkwe wangu ulimfikia ndugu yangu.

"Toka," mwanangu akasema tena, amenishika mguu.

Niliutoa mguu wangu mkononi mwake nikapita pazia. Kijana alikuwa ameinua jerikeni mpaka kifuani ili alibamize. Nilimkata kwenye mkono, si sana, akaliachia likaanguka juu ya kitanda, juu ya shuka za mwanangu na mkewe, likabaki zima. Kijana alipasua dirisha kwa mwili wake akaenda. Mimi nilitoka na jerikeni begani, upande wa mfupa uliobaki, nikapita juu ya mwanangu na juu ya ndugu yangu mpaka uani kwangu. Nilikalia jerikeni hilo mpaka watu walipotoka kanisani.

Wazee walikuja Jumapili kama walivyosema. Ndugu yangu alikuja amefungwa kitambaa kichwani kama mwenye jino, mimi mkono kwenye shuka. Walimwita mwanangu, akasimama kando, macho yamevimba, mkewe nyuma yake. Walianza na divai. Msemaji mnene alimiminiwa kwenye kikombe cha chai. Ilikuwa bado changa, ina ukungu kidogo, rangi ya nyasi kavu. Alinusa. Akanywa, akafumba macho, akameza.

"Inakwaruza," alisema.

"Haijakomaa."

"Nimesema inakwaruza, sijasema ni mbaya." Akanyoosha kikombe. Wa pili naye akanyoosha. Wa tatu, ambaye ni mzee wa kanisa, alisema ataonja tu kwa ajili ya ushahidi, na alishuhudia mara kadhaa. Mwisho msemaji alipangusa mdomo. Mteremko ni wangu. Ndugu yangu atalipia mizabibu iliyokatwa na vyombo vilivyovunjwa. Alisikia akatema chini.

Kisha wakaweka vikombe chini, na sura zao zikabadilika.

"Uliingia nyumba ya mtoto," msemaji alisema.

"Walikuwa wanamuua."

"Hiyo tumesikia. Kwa kumtoa mtoto kwenye pipa hakuna atakayekulaumu, mbuzi atasafisha. Na chumba cha pili? Mtoto alikuwa ameshatoka kwenye pipa?"

Hapo kila mtu alinipa mlango wa kutokea. Mke wangu alinitazama hivi, niseme nilidhani mjukuu yuko ndani, niseme nilipoteza akili. Mwanangu naye alinitazama. Ningedanganya, yeye angekubali. Lakini niliapia ule mti wa mpakani kuhusu divai hiyo hiyo, na mimi si mtu wa kuokoa uso wangu kwa uongo mbele ya ndugu yangu mwenye taya bovu.

"Alikuwa ametoka."

"Uliingia kufuata nini?"

"Divai."

Mke wa mwanangu alijifunika kitambaa usoni akaingia migombani.

Mbuzi alichinjwa, majani ya tumboni mwake yakanyunyizwa mlangoni, kitandani, na kwetu sisi wazee wawili na mwanangu. Ndugu yangu alinyunyiziwa pia kwa sababu ndiye aliyetuma watu. Tulikula nyama tumekaa pamoja, yeye akifyonza supu tu. Wazee wakasema ile nyumba mtoto asilale tena, ajengewe nyingine. Nilisema nitaanza kesho kuchimba msingi. Nilikuwa na mkono mmoja lakini ningechimba.

Mwanangu alikuja asubuhi akanikuta na jembe. Alikuwa na begi na godoro limekunjwa. Pikipiki ilikuwa inangoja barabarani, na mkewe na mtoto walikuwa wameshatangulia kwa gari.

"Usijenge," aliniambia.

"Boma ni lako. Mteremko tumeupata, ni wako na mtoto wako."

"Mteremko umeupata wewe, Tata."

"Unaenda wapi?"

"Masimba. Nimepata chumba karibu na gereji."

"Nilikutoa kwenye pipa."

"Ndiyo. Kisha ukanipita."

Nilimwuliza kama atakuja wakati wa kupogoa. Alikaza kamba ya godoro.

"Kukata nitakuja. Kulala sitalala, wala chakula msiniwekee."

Na huja. Safu ya chini, ile iliyokatwa na panga, ilichipua yenyewe kutoka kwenye shina na sasa inazaa kama nyingine. Ile nyumba nimeitoa vitanda, nimejaza mapipa, divai yangu inatoka safi kuliko ya Pwani, na wazee wale wanatafuta sababu za kupita kwangu. Mwanangu anafika asubuhi na mkasi wake, ananiamkia kwa heshima yote, anaanzia safu ya juu na mimi ya chini. Haangalii tena tawi kama anayeliaga. Msimu huu nilimwambia aache macho mawili kwa kila tawi. Nilipopanda kuangalia nilikuta ameacha moja moja, ukali ambao hata mimi sijawahi, shamba zima la juu, vijiti vinavuja maji. Nilisimama nyuma yake nikamtazama akikata. Akamaliza safu, akapangusa mkasi kwa suruali, akashika nyingine.